Siku Niliyotambaa Ndani ya Nyumba Yangu

Naikumbuka asubuhi ile, mwanangu, kwa sababu magoti yangu hayajaisahau mpaka leo. Nilikuwa bado bibi harusi, sijamaliza mwaka, mimba ya miezi minane inanitangulia, na nilikuwa natambaa sakafuni ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Kichwa kilikuwa kimezama mvunguni mwa kitanda, kilichobaki nje wewe unakijua. Mama mkwe wangu amekaa kwenye kigoda, mkono mmoja umefungwa mabanzi, ananihimiza: "Songa, songa! Mtoto hachoki upesi hivyo." Hapo nikasikia mtu amekohoa mlangoni, kikohozi kile cha mtu wa serikali. Alikuwa Bwana Afya wa kutoka Handeni, daftari kwapani, amekuja kukagua kama nyumba yangu inafaa kuwa nyumba ya mfano.

Unacheka? Cheka tu. Mimi mwenyewe siku hiyo nilitamani ardhi ipasuke, lakini ilikuwa imesiribwa vizuri mno, haikupasuka. Ngoja nikueleze nilifikaje mvunguni.

Mimi ni mzaliwa wa Kwashemshi, Korogwe, huko vilimani ambako migomba inafika mpaka dirishani na maji ya kijito unayasikia ukiwa kitandani. Nikaolewa Kang'ata, Handeni, kwa Wazigua, nchi ya jua, ambako mwanamke anasifiwa kwa kuosha vyombo vya nyumba nzima kwa kata mbili za maji. Mume wangu, Salehe, alikuwa mkulima wa mahindi na mihogo. Zilikuwa siku za vijiji vya ujamaa. Watu walikuwa wametoka kwenye miji yao ya zamani, mmoja huku na mwingine kule porini, wakajenga nyumba mstari mmoja kando ya barabara. Nilipofika nikaitwa Msambaa wa Salehe, na kila nikichota maji mengi kidogo watani wananiambia, "Taratibu, huku si kwenu milimani!" Niliyapenda maisha yale. Tulilima pamoja na kuimba pamoja, na jioni tulikwenda kisomo pamoja, wazee na vijana, tukikaa kwenye magogo kusoma a, e, i, o, u.

Mama mkwe wangu alikuwa Bi Tatu. Salehe ndiye mwanawe pekee. Macho yake yalikuwa yameingia utando, akiona mwanga na kivuli, basi. Lakini mikono yake ilikuwa inaona. Bi Tatu alikuwa mkunga, na watoto wengi wa kijiji kile, na baba zao pia, walipokewa na mikono hiyo. Alikuwa mcheshi, mwembamba, na alitembea haraka kuliko mimi mwenye macho mawili.

Alitembeaje? Hapo ndipo penye kisa. Nyumba yake ya zamani ilikuwa ya msonge, aliishi humo tangu alipoolewa, na miguu yake iliijua kama ulimi unavyoyajua meno. Walipohamia kijijini na kujengewa nyumba ya pembe nne, Salehe alimshika mama yake mkono siku saba, wakitembea ndani ya nyumba kutoka asubuhi hadi jioni mpaka miguu ikafunzika upya. Bi Tatu akachagua alama zake tatu. Kinu kilikaa mkono wa kulia unapoingia mlangoni. Akikishika tu, anajua hatua moja mbele ni ndani. Mtungi wa maji ulikaa pembeni; akiugusa anageuka kushoto kwenda kitandani. Na kigoda kilikaa miguuni pa kitanda. Kwa vitu hivyo vitatu aliingia na kutoka bila kushikwa na mtu.

Siku ya kwanza nilipoletwa, aliniketisha akaniambia, "Mwanangu, nyumba ni yako sasa. Fagia unavyotaka, pika unavyotaka. Ila kinu, mtungi na kigoda usivihamishe bila kuniambia. Hivyo ndivyo macho yangu."

"Ndiyo, mama," nikasema.

Ndiyo ya bibi harusi, mwanangu, husemwa na mdomo tu. Masikio yanakuwa yako kwenye ngoma.

Sasa siku moja kwenye mkutano wa kijiji katibu akatangaza kwamba Bwana Afya atakuja kukagua nyumba, na itakayochaguliwa kuwa ya mfano itapewa taa ya chemli, mpya, na kioo chake. Wewe umezaliwa na umeme, hujui taa ya chemli ilikuwa nini kwetu tuliokuwa tukiishi na koroboi linalofuka moshi hadi asubuhi unapenga masizi. Usingizi ulinipaa. Nikatazama upande wa pili wa barabara, kwa Mama Ponsiano. Wazazi wake walitoka mbali kuja kukata mkonge kwenye mashamba ya Korogwe, yeye akaolewa huku kwetu, na alikuwa na vitambaa vya kufuma kwenye kila kitu ndani ya nyumba, hata juu ya debe la mahindi. Nikajiambia, huyu hanishindi. Mimi ni binti wa Kwashemshi.

Siku chache kabla ya ukaguzi Bi Tatu aliitwa mwisho wa kijiji, kuna mama ameshikwa na uchungu. Salehe alikuwa shamba la kijiji. Nyumba ikabaki mikononi mwangu, na mikono ilikuwa inawasha. Nikachanganya udongo mwekundu na samadi mbichi niliyopewa na wafugaji, nikasiriba sakafu yote, kisha nikafanya kama bibi zangu walivyofanya kwetu: nikaisugua kwa jiwe laini ingali na unyevu, mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka ikawa inateleza na kung'aa. Nilijiona fundi.

Nikainua uso, nikakiona kinu. Kinu kizee, kimepasuka ubavuni, kimekaa mlangoni kama mgeni asiyejua kuaga. Nikakibingirisha hadi nyuma ya nyumba. Mtungi nikaupeleka pembe nyingine ambako mwanga unaupiga vizuri. Kigoda nikakiweka katikati ya chumba na kitambaa juu yake, nimkomeshe Mama Ponsiano. Na chupa ya mafuta ya taa, chupa ya soda tuliyokunywa sikukuu, nikaisukumia mvunguni isiharibu sura ya nyumba.

Mchana nikamsikia Bi Tatu anarudi. Alikuwa anaimba. Mtoto amezaliwa salama, wa kiume, na wenyewe wamemzawadia mkunga jogoo mwekundu, anao kwapani. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, mikono kiunoni, nangoja kusifiwa. Nisamehe, mwanangu, mpaka leo najishangaa: nilikuwa nangoja mtu asiyeona anisifie kung'aa kwa sakafu.

Akanyoosha mkono kukishika kinu, akashika hewa. Mguu wake ulikuwa umeshatangulia ndani. Ukateleza kwenye ufundi wangu, mwili ukaenda mbele, akakipiga kigoda kwa goti na akaangukia mkono wa kulia. Nilisikia mlio. Jogoo akaruka juu ya mtungi na kuwika.

Nilipiga ukunga nikamkimbilia. Bi Tatu amelala pale, uso umekunjamana kwa maumivu, akauliza kwanza, "Jogoo wangu yuko wapi?" Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Na kinu changu kiko wapi?"

Nikatoka nje nikapiga kelele watu wamwite Salehe.

Salehe alikuja mbio, akampakia mama yake kwenye baiskeli mpaka zahanati. Dresa akaushika mkono, akatikisa kichwa, akaufunga mabanzi na kusema usiguse kazi kwa wiki sita. Mimi nilikuwa nimefuata nyuma kwa miguu, nimefika nikiwa natweta, na neno hilo la wiki sita lilinifanya nihesabu vidole. Mimba yangu ilikuwa imebakiza wiki tano.

Lazima uelewe hapo, mwanangu. Bi Tatu alipokea watoto wa watu miaka na miaka akingoja wa kwake. Tangu tumbo langu lilipoonekana, kila aliyepita barabarani aliambiwa, "Wa Salehe nitampokea kwa mikono yangu miwili, nikimaliza hapo hata nikifa nimefaidi." Kijiji kizima kilijua. Wengine walimtania kuwa atampokea mjukuu na kukataa kumrudisha kwa mama yake. Ndoto hiyo ndiyo niliyoivunja mimi, kwa ajili ya taa.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, aliyevunjika ni mkuu mwenyewe. Walisema pia majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe nilikuwa naye tumboni ananipiga mateke. Nililia siku mbili. Salehe hakunigombeza. Alikwenda tu nyuma ya nyumba, akakibingirisha kinu mpaka mahali pake, akarudisha mtungi na kigoda, akapangusa mikono, akaenda shamba.

Siku ya tatu, asubuhi, baada ya uji, Bi Tatu akaniita.

"Umemaliza kulia?"

"Bado, mama."

"Basi utamalizia baadaye. Lete kanga. Leo nakufundisha nyumba, na kisomo hiki hakina daftari."

Akanifunga kanga machoni kwa mkono wake wa kushoto, kwa meno akakaza fundo. Akanizungusha kama mara tatu, akaniambia, "Wewe sasa ni mimi. Nenda kanichotee maji." Mwanangu, nyumba niliyoifagia kila siku ilinigeuka. Niligonga nguzo, nikakanyaga jogoo, nikakumbatia ukuta nikidhani ni mlango. Bi Tatu anacheka mpaka anashika mbavu, na mimi chini ya kanga nikaanza kucheka naye, machozi na kicheko pamoja. Nilipoushika mtungi hatimaye, pale pale ulipopaswa kuwa, nilijisikia kama mtu aliyeshikwa mkono na ndugu yake.

"Umeona?" akasema. "Uzee ndio huo. Mzee haendi kwa macho, anaenda kwa mazoea. Ukiyavunja mazoea yake umemvunja mguu, tofauti ni siku tu. Haya, vua kanga. Sasa piga magoti, utambae."

"Mama, na tumbo hili?"

"Huyo aliyemo ndiye tunayemfanyia kazi. Tambaa. Kila utakachokiona kinachovutia, kishike. Kila utakachokifikia, sema."

Nikapiga magoti. Subhanallah, kumbe nyumba ni mbili: iko ya waliosimama na iko ya walio chini. Nyumba yangu ya waliosimama ilikuwa inameremeta. Ile ya chini sikuwahi kuingia. Nikakuta sindano ya kushonea mikeka imechomekwa ukutani usawa wa pua yangu. Nikakuta ncha ya kitambaa cha mtindo wa Mama Ponsiano, maana nilikuwa nimemuiga nikatandika meza, inaning'inia kama inasema nivute; nikaivuta kidogo, na bakuli lililokuwa juu likatikisika. Pale jikoni nikafikia chungu cha uji kwa mkono bila hata kujinyoosha, na jivu la jana nililolimwaga kando ya mafiga lilikuwa bado na makaa tumboni. Kila nikitaja kimoja, Bi Tatu anasema, "Kiondoe. Endelea."

Nikakuta na wembe, umechomekwa chini kabisa kwenye ufa wa ukuta, umefungwa kitambaa.

"Mama, na huu wembe?"

"Huo ni wangu," akasema. "Wa kazi. Niliuweka chini ili nisiukose." Halafu akaangua kicheko. "Basi nami nimekamatwa. Uondoe, mwanangu. Hata mkunga ana lake."

Nilimpenda kwa neno lile kuliko siku zote. Mtu mzima anayekubali kosa mbele ya mtoto hapungukiwi na kitu.

Ndipo nikafika mvunguni. Nikaiona ile chupa ya soda, imejaa mafuta ya taa, kizibo chake ni gunzi la mahindi. Nikaitazama kwa usawa ule wa chini, na kwa kweli mwanangu ilikuwa inapendeza. Ni chupa ile ile ambayo kila mtoto kijijini alijua utamu wake. Aliyeificha pale ni mimi. Na wakati huo, kichwa mvunguni, chupa mkononi, ndipo Bwana Afya akakohoa.

Alikuwa aje kesho yake. Lori la ushirika lilimpa lifti, akawahi. Nyuma yake yuko katibu wa kijiji, balozi wetu wa nyumba kumi, na Mama Ponsiano aliyekuja kujionea. Nikatoka mvunguni kinyumenyume, kilemba upande, utando wa buibui puani.

"Shikamoo," nikasema nikiwa bado chini.

"Marahaba," akajibu Bwana Afya. "Mama, umepoteza nini?"

Bi Tatu akanitangulia kujibu. "Hajapoteza, ametafuta akaona. Karibu ndani, baba. Wewe ndiye unayekagua nyumba?"

"Ndiye mimi, mama."

"Huwa unakagua umesimama au umetambaa?"

Katibu akataka kuingilia, balozi akatazama paa. Bwana Afya alikuwa mtu wa makamo, kaptula imepigwa pasi, soksi ndefu mpaka magotini. Alimtazama bibi yule na mkono wake wa mabanzi, akanitazama mimi na chupa yangu, akatazama vitu nilivyovirundika mezani: sindano, wembe, vigae, kisu. Alikuwa na akili, Mungu amrehemu popote alipo. Akampa katibu daftari, akakunja soksi, akapiga magoti.

Mwanangu, hujapata kuona! Mtu wa serikali anatambaa, Bi Tatu anamhimiza, "Songa, mtoto hachoki upesi hivyo!" Mama Ponsiano alicheka mpaka akakaa chini. Bwana Afya akaenda mpaka jikoni, akarudi, na aliponyanyuka akagonga kichwa kwenye kona ya meza, pwaa! Akabaki amekaa pale sakafuni, ameshika upara. Halafu akasema polepole, "Miaka yote hii nakagua nyumba nimesimama." Akaomba daftari lake, akaandika akiwa bado amekaa chini.

Taa alipewa Mama Ponsiano. Ndiyo, usishangae, nyumba yake ilikuwa nzuri na choo chake kilikuwa na mfuniko, changu hakikuwa nao. Lakini kabla hajaondoka Bwana Afya aliwaambia kina mama wote waliokusanyika kwa vile vicheko waende makwao wakatambae. Wiki ile Kang'ata ilikuwa kichekesho. Ukipita barabarani unasikia vicheko ndani ya nyumba, mume anamwelekeza mke, mke anamwelekeza mume, na watoto wanashangilia kuona baba anatembea kama wao. Mama Ponsiano alikuta ndoano ya samaki chini ya kitambaa chake kimojawapo. Alikuja kuniambia mwenyewe.

Na mtoto wangu? Hakungoja mabanzi yafunguliwe. Alikuja siku yake, wiki ya tano, asubuhi jua limeshapanda. Nilipoanza kugugumia Bi Tatu akanawa mkono mmoja kwa sabuni, akaniambia nisiogope. Mimi nilikuwa siogopi uchungu, mwanangu. Nilikuwa namtazama yule mama na mkono wake uliofungwa, naona haya. Mama Ponsiano akaingia mbio na taa yake ya chemli, imewashwa, saa nne ya asubuhi.

"Ya nini hiyo?" akauliza Bi Tatu.

"Nimekuja na zawadi yangu, Bi Tatu. Kama si nyinyi, ile ndoano ingekuwa bado nyumbani mwangu."

"Izime, usimalize mafuta. Nawa mikono. Leo wewe ndiye mkono wangu wa kulia."

Ikawa hivyo. Msambaa anasukuma, Mzigua anaelekeza, na binti wa wakata mkonge anafanya anavyoambiwa. Mtoto alipotoka, Bi Tatu alimpokea kwa mkono wa kushoto akamlaza kifuani, juu ya yale mabanzi, na mtoto akalia kwa nguvu. Bi Tatu akapitisha vidole usoni kwake, paji, pua, kidevu, akimsoma. "Msichana," akasema. "Ana pua ya baba yake, maskini." Halafu akageukia upande wangu. Nilikuwa nalia naomba radhi, maneno yanagongana. Akasema, "Nyamaza. Mkono mmoja umetosha. Wa pili utanizalia nimpokee kwa miwili." Vigelegele vilipigwa mpaka yule jogoo mwekundu akajibu. Mtoto tukampa jina la Tatu.

Mkono ulipona, ila kifundo kilibaki kimepinda kidogo. Nyakati za mvua kilikuwa kinamuuma, nami nilikuwa nakikanda kwa maji ya moto, na kila nilipokishika nililikumbuka kosa langu. Yeye hakunikumbusha hata mara moja. Watoto wangu watatu waliofuata aliwapokea kwa mikono miwili, kama alivyosema.

Nakumbuka Tatu alipoanza kutambaa. Nilikuwa napepeta mahindi, nikamtazama anaondoka kwenye mkeka na kupita njia ile ile niliyopita mimi. Alifika ukutani penye sindano, hakuna sindano. Akafika mezani, hakuna cha kuvuta. Akazama mvunguni, nikaweka ungo chini ingawa nilijua hamna kitu. Akatoka ameshika gunzi, anatafuna kwa ufizi, mate yanamtiririka, anacheka. Bi Tatu akauliza, "Amepata nini?" Nikamwambia gunzi. Akasema, "Basi nyumba imekaa sawa." Taa yoyote duniani isingenipa furaha ile.

Sasa, mwanangu, na mimi macho yangu yameanza utando. Mtoto wa binti yangu Tatu, mjukuu wangu, amejenga Korogwe mjini. Alinipigia simu: "Bibi, njoo ukae na sisi, nyumba imekwisha, marumaru zinang'aa unajiona uso!" Nikamwambia, "Basi nimeogopa. Umeitambaa?" Alicheka, maana hadithi hii ameilalia tangu mdogo. Lakini siku ya pili mkewe akanipigia. Wametambaa, wote wawili, na kitoto chao nyuma yao kikidhani ni mchezo. Wamekuta sumu ya panya chini ya sinki, na waya wa pasi unaning'inia. Bafuni wametandika mkeka wa mpira usioteleza na kufunga chuma cha kushikia. "Na mume wangu amegonga kichwa mezani, bibi." Nikajua hapo kazi imefanyika.

Nikamwambia naja. Nakuja na kinu cha Bi Tatu, na mahali pake ni mlangoni, mkono wa kulia.

Na wewe unayenisikiliza, chukua haya. Watu husema ajali haina kinga. Ya radi, sawa. Lakini maji ya moto yaliyowekwa ukingoni hayakutumwa na mbingu, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla hujaipamba nyumba, itambae, uione anavyoiona mtoto. Kisha funga macho uitembee, uijue anavyoijua mzee. Mafuta ya taa, dawa na sumu visiguse chupa ya kinywaji wala visikae chini. Ndoo ya maji ifunike, maana mtoto huzama hata kwenye kina cha kiganja na nusu. Sakafu ikilowa, ikaushe kabla hujaita mtu. Usihamishe kitu cha mzee kimyakimya, hata kama kibovu. Mwambie, umshike mkono, mfundishe upya. Na likitokea limetokea: aliyeungua mwagie maji baridi safi kwa muda mrefu, si unga wala dawa ya meno, aliyekunywa mafuta usimtapishe, mbebe na chupa yake mkimbie hospitali. Ukiwa wewe ndiye uliyekosea, lia, kisha nyanyuka urekebishe. Na ukiwa wewe ndiye uliyekosewa, mkumbuke Bi Tatu, aliyemfundisha kwa kicheko mtu aliyemvunja mkono.

Mungu akujaze nyumba yenye kelele za watoto na vikohozi vya wazee. Magoti ya watoto wako yapite salama sakafuni, na mikono ya wazee wako isishike hewa. Na siku macho yako nawe yatakapopungua, unyooshe mkono mlangoni, ukikute kinu chako pale pale ulipokiacha. Amin.